Barafu, Maziwa na Kalamu: Uhakiki wa Barua za Wanajiolojia wa Karne ya 19

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa ataje tanzu za nathari, atataja riwaya, hadithi fupi, na pengine insha na tawasifu. Barua huachwa nje. Kwa mazoea ya shule zetu, barua ni zoezi la mpangilio tu: anwani, tarehe, mtajo, kichwa cha barua, mwili, na sahihi ya mwandishi. Anayeweka anwani mahali pake hupata alama zake, na mambo yanaishia hapo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa barua ni utanzu wenye uwezo mkubwa kuliko huo, hususan uwezo wa kubeba mjadala wa kitaaluma. Mfano tuliouchagua ni barua walizoandikiana wanajiolojia wa Ulaya katikati ya karne ya 19 kuhusu namna barafu ilivyoumba maziwa makubwa.

Msomaji anaweza kuuliza: Idara ya Kiswahili na barafu, wapi na wapi? Tuna majibu mawili. Kwanza, mzozo wa wanajiolojia hao ulikuwa kwa sehemu kubwa mzozo wa maneno. Walibishana kama barafu ni mto au ni patasi, na neno alilolichagua mtu lilimvuta kwenye jibu lake. Pili, Uganda imejaliwa maziwa ya aina zote zilizobishaniwa, jambo ambalo tutalirejea hapa chini. Aidha, lipo swali linalotugusa zaidi sisi walimu wa lugha: je, Kiswahili tunachofundisha kinampa mwanafunzi namna ya kumpinga mkubwa wake bila kumvunjia heshima, na namna ya kukubali kuwa yeye ndiye aliyeshindwa?

Usuli wa mjadala

Katika mabonde ya Uswisi kulikuwa na mawe makubwa yaliyolala mbali sana na miamba yaliyotoka. Wasomi wengi waliamini kuwa yalisukumwa na mafuriko makuu. Mwaka 1815 mwindaji wa milimani aitwaye Jean-Pierre Perraudin, mkaazi wa bonde la Bagnes, alimweleza Jean de Charpentier, mkuu wa machimbo ya chumvi ya Bex, kwamba barafu ya milimani ndiyo iliyowahi kulijaza bonde lote na kuyabeba mawe hayo. Charpentier hakuamini. Mhandisi Ignaz Venetz ndiye aliyelichukua wazo hilo kwa uzito, na miaka mingi baadaye akamvuta Charpentier upande wake. Mwaka 1836 Louis Agassiz, mtaalamu wa visukuku vya samaki, alikwenda Bex akiwa na shaka, akarudi akiwa mfuasi. Mwaka 1837 alilitangaza wazo hilo mjini Neuchâtel, na mwaka 1840 akachapisha kitabu chake juu ya barafuto.

Neno barafuto tunalitumia hapa kwa maana ya tungamo kubwa la barafu linalosogea polepole kutoka mlimani au kutoka nchi za baridi kali. Iwapo tungamo hilo liliwahi kufunika sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini, basi swali la maziwa halikuepukika. Mbona maziwa ni mengi mno kule ambako alama za barafu zimejaa, yaani Uswisi, Uskoti, Uswidi na Kanada? Majibu yaliyotolewa yalikuwa ya namna mbili. Jibu la kwanza lilisema kuwa barafu ni boma: huziba bonde na maji yakajikusanya nyuma yake. Jibu la pili lilisema kuwa barafu ni patasi: huchimba shimo katika mwamba, na inapoyeyuka maji hubaki shimoni. Kila jibu lina barua zake, nazo ndizo tunazozihakiki.

Barua za Glen Roy: barafu kama boma

Huko Uskoti kuna bonde liitwalo Glen Roy. Katika miteremko yake mna mistari mitatu iliyonyooka, kama barabara zilizochongwa na binadamu, kwenye mwinuko wa takriban mita 260, 325 na 350 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji walisimulia kuwa ni barabara za mashujaa wa kale. Charles Darwin alilitembelea bonde hilo mwaka 1838, na mwaka 1839 akachapisha makala ndefu akidai kuwa mistari hiyo ni fukwe za bahari ya zamani. Alikuwa ametoka Amerika Kusini, ambako aliona kwa macho yake fukwe zilizoinuliwa na mitetemeko ya ardhi. Mwaka uliofuata Agassiz alifika hapo na kutamka kuwa mistari hiyo ni kingo za ziwa lililozuiwa na ukuta wa barafu. Barafu ilipopungua, ziwa lilishuka kwa hatua, na kila hatua ikaacha mstari wake.

Darwin hakuridhika. Kwa zaidi ya miaka 20 aliitetea bahari yake, ingawa hoja za upande wa pili ziliendelea kurundikana. Kiangazi cha mwaka 1861, Thomas Francis Jamieson, msimamizi wa shamba kubwa katika eneo la Aberdeenshire, alikwenda kulikagua bonde lile. Alilinganisha mistari na vipito vya milimani ambako maji ya ziwa yangelazimika kumwagikia, akaona vinalingana. Bahari haina haja ya kipito cha kumwagikia, ziwa linacho. Jamieson alimwandikia Darwin, na mwezi Septemba mwaka huo huo Darwin akajibu.

Hapa mhakiki hana budi kutua. Darwin aliandika barua mbili juu ya jambo lilelile, moja kwa Jamieson na nyingine kwa rafiki yake wa miaka mingi, Charles Lyell. Kwa Jamieson, mtu asiyekuwa na jina kubwa, alikubali waziwazi kuwa hoja zake zimekata mzizi wa fitina na kwamba makala yake ya mwaka 1839 ilikuwa kosa moja kubwa. Hakutafuta kisingizio. Hakumwambia kijana huyo kwamba alipokuwa akiandika yeye, ushahidi ulikuwa haujatimia. Kwa Lyell, ujumbe ni uleule lakini sauti imebadilika: analia kwa mzaha, anajipiga kifua, hadi anaingiza kihoro cha Kilatini.

Kwa istilahi za isimujamii, hizi ni rejesta mbili za mtu mmoja. Ya kwanza ni ya heshima na ya pili ni ya utani. Waswahili tunaujua vizuri mgawanyo huu, kwani katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kuna watu wa kuheshimiana na watu wa kutaniana, na jambo zito huweza kusemwa kwa watani likapita pasipo kuumiza. Thamani ya kifasihi ya barua hizi inatokana na kusomwa kwa pamoja. Anayesoma ile ya Jamieson peke yake atamwona Darwin kama mwungwana asiyeyumba. Anayeongeza ile ya Lyell atatambua kwamba uungwana huo uligharimu, na kwamba mtu aliyeshindwa alihitaji mahali pa kuugulia. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Barua hizi zinatuonyesha jinsi kukubali huko kunavyofanyika, sentensi kwa sentensi.

Barua za Ramsay: barafu kama patasi

Mzozo wa pili ulikuwa mkali zaidi kwa sababu ulihusisha cheo. Andrew Crombie Ramsay alizaliwa Glasgow mwaka 1814, akaanza maisha katika biashara bila elimu ya chuo kikuu. Kazi yake juu ya miamba ya kisiwa cha Arran, aliyoionyesha katika mkutano wa wanasayansi mwaka 1840, ilimpendeza Roderick Murchison, na kwa msaada wa Murchison aliajiriwa mwaka 1841 katika idara ya serikali ya upimaji wa kijiolojia. Mwaka 1855 Murchison mwenyewe akawa mkurugenzi wa idara hiyo. Kwa maneno mengine, Ramsay alikuwa chini ya mtu aliyemshika mkono kuingia kazini.

Mwaka 1862 Ramsay alisoma mbele ya Chama cha Jiolojia cha London makala kuhusu asili ya maziwa ya Uswisi, Uingereza, Uswidi, Amerika Kaskazini na kwingineko. Alidai kuwa mabeseni ya maziwa hayo, yale yaliyo ndani ya mwamba mgumu, yalichimbwa na barafuto. Mbinu yake ilikuwa ya kuondoa. Aliyachukua maelezo mengine moja moja na kuyakataa: nyufa za ardhi, kudidimia, mikunjo ya miamba, mmomonyoko wa mito. Mfano mzuri ni ziwa Maggiore, kusini mwa milima ya Alpi. Uso wake uko mita 193 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini kina chake ni mita 372. Sakafu yake basi iko chini ya usawa wa bahari. Mto unaokwenda baharini hauwezi kuchimba shimo la namna hiyo kisha ukapanda kutoka humo. Ziwa Geneva nalo lina kina cha mita 310. Ramsay alibaki na mtuhumiwa mmoja tu: barafu.

Wakubwa walikataa. Lyell, katika kitabu chake cha mwaka 1863 juu ya ukale wa binadamu, alisema kuwa barafu huweza kulalia beseni lililokwisha kuwapo, lakini beseni lenyewe hutokana na ardhi kupanda na kushuka kwa viwango visivyo sawa. Alitoa pia hoja nzito kutoka Italia: katika bonde la Dora Baltea, karibu na mji wa Ivrea, barafuto iliacha kifusi kikubwa ajabu cha mawe, na bado hakuna ziwa kubwa mahali hapo. Hugh Falconer alileta mfano wa Himalaya, milima yenye barafu nyingi ambayo haina maziwa makubwa mithili ya yale ya Alpi. Mwaka 1864 Murchison, katika hotuba yake ya mwaka kama rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, alisimama hadharani kuipinga nadharia ya mtu aliyekuwa chini yake kazini.

Ramsay alijibu kwa maandishi, mwaka 1864 kwa Murchison na mwaka 1865 kwa Lyell. Darwin, katika barua zake za miaka hiyo, aliiona nadharia ya Ramsay kuwa na uzito, ingawa Lyell alikuwa mwalimu wake kwa vitabu na mwandani wake kwa maisha. Hapa tunapata funzo la pili la utanzu huu. Katika kitabu, Lyell ana msimamo. Katika barua, suala la maziwa hurudi kati yake na Darwin kama jambo ambalo bado liko mezani: mmoja analeta mfano, mwingine anaupima, na hakuna anayelazimika kufunga mlango. Kitabu hudai hitimisho kwa sababu msomaji amelipia. Barua inaweza kwisha kwa swali, na mwandishi asionekane ameishiwa.

Aidha, tuangalie kile ambacho hakikutokea. Ramsay hakufukuzwa. Murchison alipofariki mwaka 1871, aliyekalia kiti chake ni Ramsay huyohuyo, akakikalia hadi mwaka 1881. Hatusemi kwamba hawakukwaruzana. Barua za watu wa zama hizo zimejaa manung'uniko. Tunachosema ni kwamba ubishi wao uliwekwa juu ya jambo lililoweza kupimwa, yaani kina cha maziwa na umbo la mabonde, na hivyo mdogo alikuwa na mahali pa kusimama ambapo cheo cha mkubwa hakikumfikia.

Mto au patasi? Suala la istilahi

Tumesema kuwa mzozo huu ulikuwa wa maneno. Tufafanue. Anayeiita barafuto "mto wa barafu" tayari amejifunga. Mto hufuata mteremko. Mto hauchimbi shimo ukaingia na kupanda upande wa pili. Msikilizaji akishaambiwa kuwa huu ni mto, atamshangaa Ramsay: vipi mto upande mlima? Pingamizi nyingi za wakati ule zilisimama juu ya mshangao huo.

Jibu la fizikia, ambalo leo linakubalika, ni kwamba mwendo wa barafuto unaongozwa hasa na mteremko wa uso wake wa juu, si wa sakafu yake. Pale barafu ilipo nene kwa mamia ya mita, uzito wa ile ya nyuma huisukuma ya mbele, na tabaka la chini linaweza kupanda ukingo wa shimo ilimradi uso wa juu bado unainamia mbele. Barafu yenyewe ni laini kuliko mwamba. Kinachokata ni mawe yaliyonaswa tumboni mwake, kama meno ya tupa. Tena hung'oa vipande vya mwamba vilivyokwisha kupasuka. Ilipo nene na yenye kasi hukata sana. Karibu na ncha yake, ambako ni nyembamba, hukata kidogo. Matokeo ni beseni lenye kingo, yaani ziwa linalosubiri maji.

Mwalimu anayelifundisha jambo hili kwa Kiswahili atatumia kitenzi gani? Vitabu vingi vitamrahisishia kwa "kuchimba". Lakini kuchimba ni kazi ya jembe, kutoka juu kwenda chini, mahali pamoja. "Kukwangua" ni kuondoa tabaka la juu tu. "Kupiga randa" kunafaa kwa ile miamba iliyolainishwa na kung'arishwa, wala hakuelezi shimo. Sisi tunapendekeza "kukomba". Fundi wa mitumbwi kwanza huchonga gogo kwa nje, kisha hulikomba ndani kwa tezo mpaka libaki tumbo lenye kingo. Mtumbwi uliokombwa na beseni la ziwa la barafu vina umbo moja: kina katikati, kingo mbele na nyuma. Mwanafunzi wa kando ya Nyanza aliyewahi kuona mtumbwi ukichongwa hatahitaji mchoro.

Kuhusu jina lenyewe, neno barafuto limetungwa kwa barafu na mto, kwa hiyo mto bado umejificha ndani yake. Hatupendekezi litupwe, kwa sababu ni fupi na linanyambulika. Tunapendekeza tu kwamba kila linapofundishwa, mwanafunzi aambiwe kuwa mto huu unaweza kupanda. Istilahi ni hoja iliyofupishwa, na anayeimeza bila kuitafuna humeza na msimamo wa aliyeitunga.

Nani alikuwa sahihi?

Kwa maarifa ya leo, Ramsay alishinda sehemu kubwa. Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini yalikombwa na ngao kubwa ya barafu iliyofuata mabonde ya mito ya kale na miamba laini. Ziwa Superior pekee lina eneo la takriban kilomita za mraba 82,100 na kina cha mita 406. Barafu kama boma nayo imethibitika: ziwa la kale lililozuiwa na barafu katikati ya Kanada, ambalo Warren Upham alilipa jina la Agassiz mwaka 1879, lilikuwa kubwa kuliko Maziwa Makuu yote matano yakijumlishwa. Hata hivyo mito haikutoka mikono mitupu. Wapo wanajiolojia wanaoona kuwa mabonde ya chini kabisa ya maziwa ya Italia yalianza kukatwa na mito miaka zaidi ya milioni 5 iliyopita, wakati bahari ya Mediterania ilipokauka kwa kiasi kikubwa, na barafu ikaja kuyakomba baadaye.

Na Lyell? Lyell alikosea kwa Uswisi, lakini maelezo yake yanatufaa sisi. Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lina kina cha mita 80 hivi tu. Halikuchimbwa na barafu. Ardhi ya magharibi, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, iliinuka; mito kama Kagera na Katonga, ambayo zamani ilielekea magharibi, ilizuiwa na kurudishwa nyuma, na maji yakajaa katika bonde pana lisilo na kina. Huko ndiko kupanda na kushuka kwa ardhi kusiko sawa alikokutetea Lyell. Ziwa Albert na ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, ni mazao ya ardhi kupasuka na kudidimia, maelezo ambayo Ramsay aliyakataa kwa maziwa yake. Lakini mpanda mlima anayeingia Rwenzori hukuta ziwa Mahoma, lililokaa katikati ya vifusi vilivyoachwa na barafuto iliyoteremka zamani, na hapo barafu ya Agassiz na Ramsay ndiyo yenye neno. Hivyo nchi moja inatosha kuonyesha kuwa swali la "ziwa limetokana na nini" halina jibu moja kwa maziwa yote. Wabishi wetu wa karne ya 19 walikosea zaidi pale walipotaka jibu moja litawale dunia nzima.

Kasoro za barua hizi

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa tu. Kasoro kubwa ya mkusanyiko huu ni wale wasiokuwemo. Perraudin, aliyeona kabla ya wasomi, alisema kwa mdomo. Wazo lake likaingia kwenye maandishi kwa kalamu ya wengine. Barua ni utanzu wa mtu mwenye kalamu, wino na mtu wa kumsikiliza upande wa pili. Mwaka huohuo wa 1862 ambapo Ramsay alisoma makala yake, John Hanning Speke, aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia, alifika pale Nile inapotoka Nyanza. Msafara wake uliongozwa na kufasiriwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizouvusha. Maneno ya Bombay tunayapata kupitia vitabu vya mabwana zake. Kwa hiyo anayesoma barua za zama hizo akumbuke kuwa anasikia chumba kimoja cha nyumba kubwa.

Kasoro ya pili ni ya wahariri. Barua za Lyell zilitolewa na jamaa yake mwaka 1881, na za Darwin zilianza kutolewa na mwanawe Francis mwaka 1887. Jamaa huhariri kwa mkono wa jamaa: mengine hukatwa, mengine hulainishwa. Mradi wa Barua za Darwin katika Chuo Kikuu cha Cambridge, uliochapisha majuzuu 30, umerekebisha mengi, na zaidi ya barua 15,000 zinasomeka bure kwenye intaneti, zikiwemo zile za waliomwandikia. Tunawahimiza walimu wazisome katika sura hiyo kamili, kwani barua bila jibu lake ni nusu ya mazungumzo.

Funzo kwa idara zetu

Tunarudi kwenye swali la mwanzo. Nchini Uganda, Kiswahili kilijulikana kwa muda mrefu kama lugha ya amri: lugha ya kambi, ya askari na ya kizuizi cha barabarani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini lugha ya amri haibadiliki kuwa lugha ya hoja kwa azimio. Amri haina "naona", haina "labda", haina "umenishinda hapo". Mwanafunzi akijua tu kusema "fanya" na "ndiyo afande", tumempa nusu ya Kiswahili, na ile nusu yenye hofu.

Hali kadhalika katika tasnifu zetu. Tunasoma sura za mapitio ya maandishi zilizojaa "kama asemavyo fulani" na "fulani anaunga mkono", ukurasa baada ya ukurasa, bila mahali hata pamoja ambapo mwandishi anasema kuwa fulani amekosea na kueleza kwa nini. Watahiniwa wanaiona heshima na ubishi kuwa mafuta na maji. Barua za Ramsay na Darwin zinaonyesha kinyume. Hata Kiswahili chenyewe kinayo nyenzo: "kwa heshima na taadhima, sikubaliani", "naomba kutofautiana", "hapo nimekuelewa, ila", "hoja yako imenilemea". Maneno haya yapo, yanasubiri kufundishwa.

Tunapendekeza zoezi moja. Mwalimu awagawe wanafunzi wawili wawili. Mmoja achukue nafasi ya mtetezi wa barafu, mwingine mtetezi wa ardhi inayopanda na kushuka, na ziwa liwe la hapa kwetu, wanalolifahamu. Waandikiane barua tatu tatu. Katika barua ya tatu, kila mmoja alazimike kutaja hoja moja ya mwenzake aliyoshindwa kuijibu. Alama nyingi ziwekwe katika barua hiyo ya tatu, na anwani ibaki na alama zake mbili za kawaida.

Wasomaji watakaolijaribu zoezi hili madarasani mwao, au watakaokuwa na kitenzi kilicho bora kuliko "kukomba", tunawaomba watuandikie. Na atakayeona kuwa tumekosea kuhusu barafuto, atuandikie pia, kwa heshima na taadhima.